Mkorogo wa Profesa

Kopo lilibingirika sakafuni, likazunguka mara moja, likatulia kwenye kidole gumba cha mguu wa Profesa.

Kopo dogo jeupe, halina jina wala karatasi ubavuni. Kifuniko cha kijani.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, au jirani aliliazima halafu akajisahaulisha, mambo yalikuwa hivi. Profesa aliitwa mbio nyumbani kwa kaka yake. Wifi yake alikuwa mgonjwa na hataki kuonekana na mtu. Alimkuta kitandani, uso mzima umefunikwa mtandio, kaka mtu akauvuta mtandio, na chini yake ule uso wa siku zote haukuwepo. Mashavu yamebabuka mekundu. Kope zimevimba hadi macho yamebaki kama nyufa. Wifi akageukia ukutani kwa aibu, mto ukasogea, kopo likaanguka.

Profesa alilijua kopo lile. Hata angefungwa kitambaa machoni angelitambua kwa kulipapasa. Alikuwa amelijaza kwa mikono yake mwenyewe.

"Ndilo hilo," kaka alisema. Aliliokota kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika panya mfu mkiani. "Miezi miwili anajipaka huu uchafu, mimi nalala naye kitanda kimoja sina habari. Nikimuuliza mbona unang'aa, ananiambia sabuni mpya."

"Umenunua wapi, wifi?" Profesa aliuliza.

"Kwa mama mmoja mtembezaji." Wifi aliongea na ukuta. "Alipita tu na kapu lake. Simjui."

"Mtembezaji sina ugomvi naye, naye katoka nyumbani kutafuta," kaka alisema. "Ninayemtaka ni aliyepika. Kuna mtu mahali amekaa na akili zake timamu, akachanganya kitu hiki, akakijaza kwenye kopo, akanawa mikono akaenda kula. Huyo nikimpata, hata mimi sijui nitamfanya nini."

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole, asiyejua hata kumfokea kuku aliyeingia ndani. Profesa hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Kisha kaka akafanya jambo ambalo Profesa hakulitegemea. Alimshika mkono, akakifungua kiganja, akaliweka kopo humo.

"Bahati yetu nyumba hii ina msomi. Nenda nalo kazini kwako, mlipime hapo maabara. Daktari anasema akijua kilichomo ndipo atajua pa kuanzia. Miguu yake nayo imeanza kuvimba, umeona?"

Profesa alitazama. Miguu ilikuwa imejaa hadi vifundo havionekani.

"Leo hii hii, mdogo wangu," kaka alisema. "Nakutegemea wewe."

Hapo ndipo palipokuwa na kisa chenyewe. Profesa hakuwa na maabara yoyote.

*

Alitoka na kopo ndani ya mkoba, akatembea kwa miguu. Nauli alikuwa nayo. Hakutaka kukaa karibu na watu.

Shahada ya kemia aliipata, tena kwa alama za juu. Siku ya mahafali kaka alimbeba mabegani mbele ya umati, na joho likapata doa la grisi ambalo hawakuweza kulitoa hadi walipolirudisha. Wifi alikuwa amesimama pembeni na binti yao, akipiga vigelegele. Karo ya mwaka wa mwisho ilitoka kwenye mikono ya wifi huyo, dobi wa hoteli, anayefua mashuka ya wageni asiowajua hadi vidole vinanyauka.

Baada ya mahafali, kazi ikawa kutafuta kazi. Kila ofisi, "tutakupigia." Maabara moja ilimkubali ajitolee bila malipo ili apate uzoefu. Akajitolea. Aliosha mirija ya kioo zaidi ya mwaka, nauli anapewa na wifi kila asubuhi. Nafasi ya ajira ilipotangazwa akaiomba, wakamjibu kwa upole kwamba wanataka mwenye uzoefu wa kazi, na kujitolea hakuhesabiki.

Ndipo akakutana na Madam.

Madam alikuwa na duka la vipodozi. Mbele vioo, taa kali na wasichana wenye kucha ndefu. Nyuma ya pazia, stoo yenye mapipa ya bluu na mashine ya kukandia unga wa keki. Humo ndimo ulimopikwa mkorogo, krimu ya kung'arisha ngozi, na humo ndimo Profesa alimopewa koti jeupe na jina lake la utani. Koti lilikuwa la mtumba, la daktari wa meno wa nchi fulani ya mbali, lina jina la daktari huyo kifuani kwa uzi mwekundu.

Mshahara ulilipa kodi ya chumba na chakula cha nusu ya mwezi. Nusu nyingine aliishi kwa chai ya rangi na kwa kumkwepa mwenye nyumba. Nyumbani alisema yuko maabara ya hospitali. Koti aliwaonyesha, limekunjwa jina lisionekane. Nani angebisha?

Tena si kwamba hakujua alichokuwa akikifanya. Siku moja Madam alilalamika wateja wanahamia kwa mwenzake, ambaye krimu yake hung'arisha kwa wiki moja. "Wewe si umesoma? Iongeze nguvu." Profesa aliujua ule unga mweupe wa kwenye pipa la mwisho. Ilikuwa chumvi ya zebaki. Aliisoma chuoni kwenye kitabu chenye picha ya fuvu pembeni mwa ukurasa. Akaiongeza. Alijiambia watakaoumia ni watu asiowajua, wenye hela za kuchezea, wanaotaka wenyewe.

Krimu ikauzika kama sukari. Madam akampa bahasha ya ahsante. Kwa fedha zile Profesa alimnunulia wifi viatu, kitu cha kwanza kumnunulia maishani, na wifi alilia, akavivaa ndani ya nyumba kutwa nzima akipika navyo. Leo alikuwa ameviona chini ya kitanda, vimefutwa vumbi, vimepangwa.

Alipofika mbele ya duka alipiga moyo konde. Leo naacha kazi, alijiambia. Nitalitupa koti lao mezani.

*

"Profesa, kaa," Madam alisema kabla hajafungua mdomo. "Nilikuwa nakupigia sasa hivi."

"Madam, nimekuja—"

"Kaa kwanza. Tumepata kiwanda."

Profesa akakaa.

"Kiwanda cha kweli, chenye geti na mlinzi. Sabuni, mafuta ya nywele, vitu vya halali vyenye nembo. Huu wetu wa nyuma utaendelea kidogo, mpaka mtaji usimame, kisha tunaufuta kabisa. Wewe ndiye mkuu wa uzalishaji." Akasukuma karatasi mezani. "Mkataba huo. Soma."

Kisha akataja mshahara.

Profesa alidhani masikio yamemdanganya, akaomba arudie. Madam akarudia polepole, kama anayemtajia mtoto jina la mgeni. Ulikuwa mshahara wa mtu mzima. Mshahara wa kulipa kodi na kulala usingizi, wa kuingia sokoni bila kufanya hesabu za kichwani. Ulikuwa ule mshahara ambao siku ya mahafali kila mtu alidhani unamsubiri getini.

"Na bima ya afya," Madam akaongeza. "Wewe na wategemezi wako."

Profesa alimwona wifi kwenye kitanda cha hospitali kubwa, chenye shuka safi ambalo hakulifua yeye.

"Madam, kuna mtu ameungua."

"Nani?"

"Mteja."

"Alipaka kupita kiasi. Wanaambiwa kidogo, wao wanapaka kama siagi."

"Uso umebabuka, miguu imevimba. Ni zebaki. Niliiongeza mimi, na ulijua."

Madam hakukasirika. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu aliyechoka.

"Unajua mimi nimesomea nini? Ualimu. Shahada, kama wewe. Nilifundisha shule ya mtu binafsi, mshahara unakuja mwezi huu, miezi miwili haupo. Nilikuwa naficha chakula cha wanafunzi kwenye mkoba, nampelekea mwanangu. Mwalimu mzima, naiba maharage ya watoto. Siku niliyouza kopo la kwanza ndiyo siku niliyoacha kuiba." Akamsogezea kalamu. "Kwa hiyo usije kunihubiria. Weka saini, ukamtibu mtu wako."

Profesa alishtuka. "Mtu wangu? Nimesema mteja."

"Mteja hamfanyi mtu atetemeke hivyo."

Alikuja kuacha kazi, msomaji. Kweli kabisa, njia nzima alikuwa amelifanyia mazoezi neno lenyewe. Lakini aliwaza bima, akawaza shuka safi, na kalamu ilipotulia tena mezani, jina lake lilikuwa chini ya karatasi.

Alijiambia amefanya kwa ajili ya wifi. Alijiambia hivyo mara kadhaa.

Simu ikaita. Kaka.

"Uko wapi? Tumemkimbiza kliniki, amezidiwa. Daktari anauliza majibu yako. Anasema asipoyapata hawezi kumpa dawa, maana dawa ya ugonjwa mmoja inaweza kumuumiza kama ni mwingine. Njoo nayo."

*

Kliniki ilikuwa ndogo, ya vyumba vitatu. Kaka hakuwepo, ametumwa kununua dripu. Daktari alikuwa dada wa rika la Profesa mwenyewe, amevaa ndala, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wifi amelala nyuma ya pazia.

"Wewe ndiye wa maabara?" daktari aliuliza. "Ahsante kwa haraka yako. Mmekuta nini?"

Profesa alikuwa ameipanga sentensi yake vizuri, na ndani ya sentensi ile hapakuwa na mtu.

"Imekutwa na zebaki."

"Nyingi?"

Akataja kiwango. Alikitaja bila kufikiri, kwa usahihi wa mtu anayetaja umri wake.

Daktari akaandika. Kisha mkono ukasimama.

"Kipimo hicho huchukua siku kadhaa," alisema taratibu. "Kopo umelichukua asubuhi. Mmepima kwa mashine gani?"

Profesa aliyakwepa macho yake. Ukutani nyuma ya daktari palikuwa na cheti chake cha chuo, kwenye fremu ya bei rahisi. Muhuri ule ule kama wa kwake.

"Sikupima," alisema. "Nimeipika mimi."

Daktari aliweka kalamu chini, akanyanyua simu ya mezani. Alizungumza na hospitali kuu, akaagiza dawa ya kutoa zebaki mwilini, akataja uzito wa mgonjwa na umri wake. Alipomaliza alimgeukia.

"Umenipunguzia kubahatisha, na kwa hilo nakushukuru. Mengine tutayazungumza, tena si mimi na wewe peke yetu. Huyu ni wa nne kuja hapa na makopo ya aina hiyo. Nimekuwa nikijiuliza ni nani."

"Atapona?"

"Figo zikikubali dawa. Uso sijui."

Profesa alitaka kuuliza kuhusu wale wengine watatu. Aliogopa asije akatajiwa hali zao. Akaingia nyuma ya pazia.

Wifi alikuwa macho, kwa kadiri macho yale yalivyoweza kufunguka. Pazia lilikuwa la kitambaa chepesi. Kila neno lilikuwa limepita.

"Wifi," Profesa alisema, akapiga magoti kando ya kitanda. "Wifi yangu, umesikia."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni ya kwako." Wifi aliongea kwa shida, midomo imekauka. "Niliingia lile duka siku nyingi, nanunua mafuta tu. Pazia la nyuma likapepea, nikakuona na koti lako, unakoroga. Nikatoka kimyakimya. Nikasema huyu atajisikia vibaya akijua nimemwona."

"Na yule mama mtembezaji?"

"Hakuna mama mtembezaji. Ningesema duka, kaka yako angekwenda, angekukuta."

Profesa aliuinamisha uso kwenye shuka. Wifi akaendelea, kana kwamba anaeleza jambo la kawaida la nyumbani.

"Wa mapokezi pale hotelini wanalipwa vizuri kuliko sisi dobi. Na meneja huchagua wale wanaong'aa, hasemi, lakini tunaona. Wewe ulipoacha kuleta kidogo cha nyumbani sikukulaumu, nilijua umebanwa. Nikaona nijisukume mwenyewe. Nikarudi dukani. Nikamuuliza msichana, jamani hii anatengeneza nani, haina madhara? Akaniambia wana mkemia wao, wa chuo kikuu." Akavuta pumzi. "Nikaona hapo nimefika. Kitu kilichotoka kwenye mikono yako kingenidhuru vipi?"

Laiti angetukana. Laiti angemtemea mate. Profesa angejua pa kuupeleka uso wake.

"Kaka yako asijue," wifi alisema, akatafuta mkono wake juu ya shuka, akaushika. "Nisikilize. Mimi nitapona. Yeye hatapona."

Hapo hapo pazia likavutwa. Kaka alisimama na mfuko wa dripu mkononi, jasho limemlowesha shati.

"Majibu yametoka?"

"Yametoka," wifi aliwahi kujibu, akiuminya mkono wa Profesa. "Hawakuweza kujua kilichomo."

Daktari, mezani kwake, aliinamia karatasi zake.

Njia ilikuwa wazi. Profesa aliiona: bima, kiwanda chenye geti, wifi anapona, kaka anaendelea kuwaambia watu habari za msomi wake. Ilikuwa inatosha anyamaze tu. Kunyamaza alikuwa amekuzoea.

"Ni zebaki, kaka," alisema. "Najua kwa sababu niliiweka mimi. Hakuna maabara. Haijawahi kuwepo."

Mkono wa wifi ulilegea.

Kaka hakupandisha sauti. Alitafuta benchi kwa mkono bila kugeuka, akakaa, ule mfuko wa dripu magotini kama mtoto aliyepakatwa.

"Nilimwambia kila mtu," alisema mwishowe. "Kila anayeleta geti lake nichomelee. Mdogo wangu yuko maabara. Hata wasioniuliza."

Profesa alilia bila sauti. Kaka hakumtazama, wala hakumwambia aondoke. Alikuwa akiitazama miguu ya mkewe.

Daktari aliinuka mezani kwake. Alikuja na kalamu, sauti ya kazi. "Samahani, lazima niulize. Dada, makopo ulinunua mangapi?"

"Mawili," wifi alinong'ona.

"La pili umelimaliza?"

Wifi aligeuza uso, si kwa daktari, bali kwa mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akauacha uso wake uonekane wote.

"Alinililia," alisema. "Alisema wenzake wanamcheka kwa zile chunusi. Nikamtilia kwenye sanduku, chini ya sare. Nilimwambia apake kidogo."

Kaka aliinuka, dripu ikaanguka sakafuni. Profesa naye alielewa. Alikuwa binti yao wa pekee, wa kidato cha pili, aliyerudi bwenini tangu muhula ulipoanza. Profesa, shangazi yake, ndiye aliyemfundisha kusoma.

Kaka alikuwa tayari na simu sikioni. Iliita. Ikaita tena. Chumba kizima kilisikia ilipopokelewa, maana simu yake ilikuwa mbovu, kila sauti ilitoka nje.

"Ni baba yake?" matroni aliuliza. "Afadhali umepiga. Tangu asubuhi tunatafuta namba yako. Njoo upesi, na kama mna mtu anayejua mambo ya dawa, njoo naye."

"Mwanangu ana nini?"

"Si yeye peke yake, baba," matroni alisema. "Walikuwa wanaazimana. Ni bweni zima."